Humu Hatuitani

Mimi si mtu wa kuamini mambo hovyo. Wanaonijua wanajua ninavyobisha, hata saa ya ukutani nabishana nayo. Lakini hili sikuhadithiwa. Lilimpata mama mdogo wangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na lilipoanza mimi nilikuwa pale pale.

Tulikuwa tunashona sare za shule kwenye chumba kimoja kirefu, juu ya duka la vitambaa. Cherehani kumi na mbili, safu mbili, wote tunaangalia ukutani. Msimamizi wetu tulimwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda kula. Mama mdogo nilimwombea kazi mimi mwenyewe, na Jumatatu aliyoanza ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa. Jua dirishani, pasi inatoa mvuke, watu wanapiga soga kuhusu harusi ya juzi na bibi harusi aliyeanguka na viatu vyake.

Bi Futi akampa kanuni ya chumba.

"Humu hatuitani," alisema. "Ukimtaka mwenzako, nyanyuka, mwendee, mguse begani. Ukisikia unaitwa, nyamaza. Anayekutaka atakugusa."

Ndiyo maana jioni tulirudi nyumbani na chaki mabegani, maana mikono ya fundi haikosi chaki. Tuligusana kutoka nyuma, kwa hiyo vidole vinne vilibaki mbele ya bega na dole gumba nyuma. Aliyehitajika sana siku hiyo ulimjua kwa bega jeupe.

Mama mdogo akacheka. "Kwani mkiitana mnapotea?"

Hakuna aliyecheka naye. Bi Futi akainama akanong'ona. Cherehani namba saba, ile aliyopewa, ilikuwa ya fundi mmoja aliyeitwa mchana kweupe, akaitika. Alipogeuka hakukuwa na mtu. Tangu hapo, kila akiitwa, sauti yake iliitika kabla yeye hajafungua mdomo. Hakumaliza mwezi.

"Na huu?" mama mdogo akauliza. Kila cherehani ilikuwa imefungwa uzi mwekundu mguuni.

"Ndiyo kinga yetu."

Sasa, mama mdogo alikuwa ameokoka, na si kuokoka kwa Jumapili tu. Alichukua mkasi, akaukata ule uzi, akaulaza mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Mnisamehe, dada zangu. Mimi mlinzi wangu hafungwi kwa uzi."

Weee! Alikiona. Jina likawa Mlokole. Kitabu chake cheusi cha Maandiko tulikikuta kwenye ndoo ya vipande vya kutupa. Wakati wa chakula waligeuza viti wakampa mgongo. Sindano yake ikivunjika, mmoja anasema, "Mlinzi kasinzia leo," na chumba kizima kinaangua kicheko. Yeye anatabasamu, anaweka sindano nyingine. Na ukimgusa bega anaitika kwa sauti, "Abee!" kama alivyofunzwa na bibi yangu, watu wanaruka kwenye viti.

"Mama mdogo, si ufunge tu," nilimwambia tukiwa njiani. "Uzi ni uzi."

"Kama ni uzi tu, mwanangu, mbona wananichukia nisipoufunga?"

Mimi mbishi, nikaongeza mwendo tu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba mdogo, fundi redio, hakutaka kusikia habari za kanisa. Jumapili alimfichia viatu. Mama mdogo akaenda na ndala, akaimba, akarudi, akapika. Jioni nilimkuta uani anafuta macho kwa kanga. "Nimechoka," aliniambia. "Namwomba Bwana kitu kimoja tu. Aniite. Mara moja tu nisikie jina langu kutoka kwake, na haya yote nitayabeba."

Hapa niseme kosa langu, maana linanikaba mpaka leo. Siku moja walikuwa wanamsema sana, nikataka kuwachekesha ili wampende. Nikasema kwa sauti, "Huyu mnayemwogopa, nyumbani anaitwa Kadogo!" Ni jina alilopewa na bibi yangu, marehemu. Baba mdogo tu ndiye aliyebaki akilitumia. Watu wakacheka, na mama mdogo akacheka nao. Kisha cherehani zote kumi na mbili zikasimama kwa mpigo. Tulidhani umeme umekatika. Taa zilikuwa zinawaka.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya yule mtoto aliyelala hekaluni, akaitwa mara tatu asijue anaitwa na nani. Mama mdogo alilia ibada nzima.

Jumanne, saa saba mchana, wote tulishuka kula. Yeye alibaki kumalizia pindo za sketi. Nilirudi kuchukua chupa yangu ya maji. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia.

"Kadogo."

Sauti ya upole. Ya kizee. Ungesema bibi yangu, ila bibi tulimzika.

"Kadogo."

Nilitaka kupiga kelele, mama mdogo usiitike! Lakini ningemzuiaje bila kumwita? Mwaka mzima nilikuwa nimezoea kufunga mdomo mle ndani. Ulimi ulikataa. Nikapanda mbio ili nimguse.

"Kadogo."

Nilifika mlangoni. Alikuwa amesimama, mikono juu, machozi yanamtiririka. Sijawahi kumwona na furaha ile, si siku ya harusi yake, si siku yoyote.

"Abee, Bwana! Mimi hapa!"

Chumba kilikuwa kitupu. Gurudumu la cherehani yake lilizunguka mara moja, likakoma.

"Abee," ilisema sauti yake. Ilitoka stoo ya vitambaa, kule mwisho. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Akanigeukia. Furaha ilimtoka usoni nikiiona.

Jioni ile tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Baba mdogo akaita kutoka sebuleni, "Kadogo! Miwani yangu umeiona?"

"Abee!" Kutoka chumbani.

"Nakuuliza miwani," baba mdogo akaendelea, akielekea chumbani. "Unafanya nini gizani humo?"

Sahani ilimponyoka mama mdogo. Baba mdogo akatokea mlangoni, akamtazama yeye, akatazama alikotoka. Hakuuliza miwani tena.

Mambo yakawa hayo. Kazini hakurudi tena. Ukimwita uani, inaitika ndani. Ukimwita ndani, inaitika nyuma ya mlango. Daima kabla yake. Daima kwa sauti yake, ila changamfu zaidi. Yeye mwenyewe akawa anakonda, sauti inafifia, mpaka ukitaka kusikia neno lake uweke sikio mdomoni.

Baba mdogo, yule mkali wa viatu, alipiga magoti. "Twende kwa mtaalamu. Kuna mmoja anajua mambo haya."

"Siendi."

"Utakufa, mke wangu."

"Nitakufa nikiwa wake."

Mule kazini walituma ule uzi mwekundu, umekunjwa kwenye karatasi. Aliurudisha kwa mkono wangu, na salamu. Nilimwambia, mama mdogo, unakufa kwa ubishi, na ubishi ni wangu mimi, usinichukulie. Akatabasamu kidogo. Kisha akanivuta karibu.

"Kufa siogopi," alinong'ona. "Naogopa siku ile ya mwisho. Majina yataitwa, mwanangu. Langu likiitwa, litaitika lile. Litaingia lile. Mimi nitabaki nje, sauti sina."

Nililia kama mtoto mdogo. Jina nililipeleka mimi.

Mchungaji alikuja, akafunga siku tatu. "Mungu hadanganywi na sauti," alimwambia.

"Mchungaji, mume wangu tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minane, na juzi kaongea na ukuta."

Akaanza kuomba. Aliomba vizuri, kwa machozi. Alipofika mahali pa kumtaja mbele za Mungu, akalitaja jina lake la ubatizo.

"Abee," ikaitika nyuma ya kabati.

Mchungaji alimaliza maombi, sitamsingizia. Ila alimaliza upesi, na kofia yake aliisahau kwetu.

Wiki ya tatu hakutoka tena kwenye kiti cha dirishani. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikamsikia anaomba. Nilisogea. Hakuwa anaomba uzima. Wala hakuwa anaomba tena aitwe.

"Bwana, usiniite," alikuwa anasema. "Nakusihi. Humu hatuitani. Njoo mwenyewe. Niguse."

Niliegemea fagio nikashindwa kuendelea.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Nilimvalisha blauzi ya bluu niliyoipiga pasi asubuhi ile, nikamkalisha, nikaenda kuchemsha uji. Nilikuwa peke yangu naye. Mlango nilikuwa nauona kutoka jikoni. Hakuna aliyeingia. Niliporudi na kikombe, alikuwa ameshaondoka, macho wazi, kidevu kimeinuliwa kidogo.

Nilipiga yowe. Majirani wakajaa. Baba mdogo alikuja mbio kutoka kwenye kibanda chake, bisibisi mkononi.

"Kadogo! Kadogo wangu!"

"Abee!"

Kutoka jikoni. Ya furaha. Jirani mmoja hata alisema, "Kumbe yupo jikoni." Mimi nilikuwa nimemshika mikononi, anapoa.

"Kadogo..." baba mdogo alisema tena, hakuweza kujizuia.

"Abee." Sasa koridoni.

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Chumba kizima kikanyamaza. Tukasubiri. Huko koridoni nako, kitu kilikuwa kinasubiri.

Jina lake hatukulitaja tena. Makaburini mchungaji alisema "dada yetu" tu. Hata msalabani hatukuliandika, asije mpita njia akalisoma kwa sauti. Baba mdogo amebaki kwenye nyumba ile. Jumapili anavaa viatu vyake anaenda kanisani, anakaa benchi la mama mdogo. Ananiambia mkewe yuko salama. Nikamuuliza anajuaje, akasema kwa lile nililomwonyesha mimi mwenyewe.

Maana siku ile, tulipomvua blauzi ili tumwoshe, niliona bega la kushoto la ile blauzi. Lilikuwa na chaki.

Kazini hakuwa amekanyaga wiki tatu. Nyumbani chaki hatuna. Blauzi niliipiga pasi mwenyewe, ilikuwa safi. Na alama haikukaa kama zetu. Dole gumba lilikuwa mbele, vidole vinne nyuma. Aliyemgusa hakutokea nyuma yake kama tunavyofanya sisi. Alisimama mbele yake, wakitazamana.

Chaki ya fundi ukiipangusa inatoka. Ile nimeifua kwa sabuni mara tatu, haitoki. Nikaweka kiganja changu juu yake, kikapotea ndani.

Mwishowe niliichukua ile blauzi nikaipeleka kazini. Nilitaka mtu aniambie ni mkono wa yule fundi wa zamani wa namba saba, au aniambie siyo, nipate kulala. Nilimwendea Bi Futi, nikamgusa bega, nikamwekea blauzi mezani. Cherehani zikasimama moja moja. Bi Futi akaivua futi shingoni. Hatukuwahi kumwona bila futi shingoni. Akapima kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. Akapima tena.

Hakuniambia amepata ngapi. Alirudi kwenye cherehani yake, akainama, akachukua mkasi, akaukata uzi mwekundu.