Chachu ya Mama Igbal

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tasabih alifunua chungu kilichokaa pembeni mwa jiko, akatia unga wa mtama na maji kidogo, akakoroga, akakifunika tena. Hiyo ndiyo chachu ya nyumba yao mjini Atbara. Bila chachu hakuna kisra, ule mkate mwembamba kama karatasi unaoliwa kila siku, na Ramadhani ikikaribia hakuna hilumuri, kinywaji chekundu, kitamu na kichungu kwa pamoja, kinachotokana na kurasa nyembamba za kimea zinazookwa kisha kulowekwa. Bibi Batul alikuwa amemkabidhi kazi hiyo yeye mwenyewe.

"Chachu ni kama mtoto," Bibi alimwambia. "Usipoilisha, inakufa."

Tasabih alikuwa na sababu ya kukipenda chungu kile. Mwaka uliopita alikonda akabaki macho, tumbo likamvimba na kumkata, mpaka Dakta Wijdan alipogundua kwamba mwili wake hauikubali ngano hata chembe. Tangu siku ile akaaga mkate wa dukani, biskuti na tambi. Alilia sana. Dakta Wijdan akamcheka kidogo.

"Unalia nini, binti? Mtindi si upo? Kisra ya mtama mtupu si ipo? Hilumuri je? Wewe usiulize chakula kinaitwaje. Uliza kimechachushwa kwa kitu gani, na nani kakiandaa. Na ukifika Ramadhani uzito wako haujashuka, nitakuruhusu kufunga."

Kufunga! Hapo ndipo machozi yalipokauka. Mwaka jana Muzamil, mdogo wake wa miaka tisa, alifunga huku dada mtu akilishwa uji mchana kama mtoto mchanga.

"Mwaka huu nani atanishika?" Tasabih alimtambia.

"Tutaona, Bibi Uji!" Muzamil alimjibu, akatimua mbio kabla kandambili haijamfikia.

Mwezi wa Shaabani ulipoingia, nyumba nzima ilikuwa mbiombio. Mtama ulioteshwa ukawa kimea, ukaanikwa darini. Mama yake, Suad, akaupeleka kusagwa alfajiri, kabla kinu hakijagusa ngano ya mtu, na hakuondoka mpaka aliposhuhudia kinu kikifutwa. Bibi akatwanga tangawizi, hiliki, mdalasini na bizari. Harufu ilijaa mtaani hata wapita njia wakasimama na kuvuta pumzi.

Shuleni nako kulikuwa na mashindano ya mpira wa wavu, na Tasabih alikuwa mchezaji wa kutegemewa. Alitoka mapema, akarudi jioni hajiwezi kwa uchovu. Chungu akakisahau leo, kesho akakisahau, na joto la Atbara halina huruma. Siku Bibi aliposema, "Mjukuu wangu, niletee chachu nichanganye hilumuri," Tasabih alifunua chungu akaona ukungu wa kijani na mweusi. Harufu ilimrudisha nyuma.

Angesema nini? Alichukua bakuli, akatokea mlango wa nyuma, mbio mpaka kwa Mama Igbal, jirani aliyesifika mtaa mzima kwa kupika kurasa za hilumuri zisizokatika.

"Mama Igbal, naomba chachu kidogo."

"Kidogo? Chukua tele, mwanangu!" Mama Igbal akamjazia bakuli. "Ione inavyochemka! Siri yangu nakupa wewe tu: kila siku naitilia konzi ya ngano. Mtama peke yake unazubaa, ngano inauamsha."

Tasabih alitaka kurudisha bakuli. Lakini akirudisha, Bibi atajua chachu imekufa mikononi mwake. Akajisemesha njiani: bakuli moja tu, kwenye pipa zima! Itanidhuru nini? Akaosha chungu, akamimina, akampelekea Bibi. Bibi akanusa, akatabasamu, akamimina yote kwenye pipa la kimea.

Pipa likachachuka vizuri ajabu. Siku ya kupika ilipofika, majirani wakaja na vigoda vyao, Mama Igbal akiwa wa kwanza. Bamba la chuma likawekwa motoni, likapakwa mafuta, rojo jekundu likatandazwa, chshshsh! Vicheko na nyimbo vikapamba moto. Watoto wakagombania mabaki ya pembeni, na Muzamil akaunguza vidole mara mbili asikome.

"Ukurasa wa kwanza huo!" Mama Igbal alipiga kigelegele. "Haujakatika hata pembe!"

Ukurasa wa kwanza huwa wa mtu maalumu. Bibi aliuvunjavunja kwenye maji ya baridi, ukalowa, akauchuja, akatia sukari. Kisha akainua kikombe juu.

"Mwaka jana mjukuu wangu alikuwa kitandani. Mwaka huu anafunga. Shika, Tasabih. Kinywaji chako hiki, umekilea mwenyewe."

Vigelegele vikarindima. Tasabih akapokea kikombe. Harufu ilikuwa tamu mno, mate yakamjaa. Angeweza kujifanya anajikwaa, kikamwagika. Lakini kesho je? Na magharibi zote za Ramadhani, pipa si lilelile? Au anywe tu, halafu mizani ya Dakta Wijdan imsemee?

"Kunywa basi, Bibi Uji!" Muzamil akadakia.

"Sinywi," Tasabih alisema. "Bibi, hii ina ngano."

Nyimbo zikakatika. Mama yake akasimama. "Ngano? Nimekaa kinuni mwenyewe!"

"Si unga, Mama. Ni chachu. Yangu ilikufa, niliisahau. Nikaona aibu. Nikaenda kuomba kwa Mama Igbal, na nilijua ana... nilijua." Hapo kilio kikamshinda.

Mama Igbal alijishika kifua. "Ole wangu! Mbona hukuniambia kuwa ni ya kwako wewe? Nusura nimlishe mtoto sumu kwa mikono yangu!"

"Wewe hukujua," Bibi alisema. "Aliyejua ni huyu hapa."

Bibi akachukua kile kikombe, akampa Muzamil, akajifunga kanga yake upya.

"Mnatazama nini? Chakula hakitupwi. Pipa hili ni la mtaa, wenye matumbo ya chuma watakunywa. Suad, leta kile kimea nilichoweka akiba. Na hilo bamba likimaliza kazi litasuguliwa mpaka lilie."

"Na chachu, Bibi?" Tasabih aliuliza huku akijifuta.

"Kimea kina chachu yake ndani. Kipe maji, kipe joto, kipe subira. Kukilea ni kazi yako, ukisahau tena Ramadhani utakunywa maji ya mtungi."

Hakusahau. Alikichungulia chungu kipya kabla na baada ya shule, akakiangalia kikilala kimya mpaka akakata tamaa. Kisha asubuhi moja akaona povu dogo likipasuka juu, pu! Alipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Wakapika hilumuri yake kwenye bamba lililosuguliwa likang'aa. Kurasa zake zilikatika vipande vipande, na hakuna aliyejali.

Kesho yake Dakta Wijdan alimpandisha kwenye mizani. "Umeongezeka," alisema. "Funga, binti. Ukizidiwa, fungua bila kuona haya."

Jua la siku ya kwanza lilizama polepole kuliko lilivyowahi kuzama. Mwadhini alipoinua sauti, Tasabih alikula tende, akainua kikombe, akanywa kwa mkupuo mmoja mrefu. Tamu, chungu, baridi. Alicheka peke yake, na hata Muzamil akampigia makofi.

Hawajaondoa vyombo, Mama Igbal akaingia na chungu kipya, kitupu.

"Ile yangu nimeimwaga," alisema. "Nimekuja kuomba mbegu ya chachu, ili mtoto huyu akila kwangu asile kwa hofu."

Bibi akamgeukia Tasabih. "Umeona? Watu wote hawa walitaka kukulinda, lakini mtu hawezi kukukinga na jambo ulilomficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu ya kusema ni ya siku moja, mwanangu."

Tasabih alichota chachu yake, akaisogeza juu ya chungu cha jirani, mkono ukasita.

"Samahani, Mama Igbal. Utailisha nini?"

"Mtama mtupu, daktari wangu!" Mama Igbal alijibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Ndipo Tasabih akamimina.