Upande wa Dirishani

Mwalimu wa kuchora alilala chali chini ya dirisha, nyuma ya pazia linaloficha nguo za kazi. Vumbi la chaki lilielea juu yake katika mwanga wa alasiri, taratibu, kama lisilo na habari. Daktari wa polisi alionyesha kisogo cha maiti. Kiligonga ukingo wa dirisha.

Konstebo, asiyependa kesi ndefu, alikuwa ameshamfunga pingu fundi cherehani, mama mmoja mwanafunzi wa darasa hilo. Alikutwa na damu mikononi.

“Niliona miguu chini ya pazia, nikadhani amezirai, afande,” mama huyo alimwambia Inspekta. “Nikamwinua kichwa. Nina mtoto ananyonya. Nikilala ndani leo, nani atamnyonyesha?”

“Mlikuwa wangapi?”

“Wawili tu, mimi na huyu mdogo wake mwalimu. Tulitoka kunywa chai. Niliporudi, yeye alikuwa ameshakaa anachora.”

Mdogo mtu aliitikia kwa kichwa. “Nilijua kaka katoka. Sikupita upande wa pili wa meza hata mara moja.”

Mezani palikuwa na mtungi mweupe. Vigoda viwili vilikuwa upande wa mlangoni. Inspekta aliizunguka meza polepole, akihisi anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Upande wa dirishani, mtungi ulikuwa na ufa mpya toka mdomoni hadi tumboni.

“Asubuhi ulikuwa na ufa?”

“Mzima kabisa,” fundi alijibu. “Mwalimu alitupa tuushike kabla hatujakaa.”

Inspekta alikalia kigoda cha mdogo mtu. Kutoka hapo mtungi ulikuwa mzima, umetulia. Akaitazama karatasi mbele yake. Mtungi uliochorwa ulikuwa na ufa.

“Bwana, ufa huu umeuona wapi?”

Mdogo mtu alinyoosha mkono, akaufunika ufa wa mchoro.

“Hapa ulipokaa hauonekani.”

Mdogo mtu aliuondoa mkono. “Kaka alinigombeza kila siku kwa hilo. Kwamba nachora ninachokijua, si ninachokiona.”

“Mligombana?”

“Kaka amemchora baba. Picha ya maonyesho. Akaniambia baba alikuwa akimpiga. Mimi baba alinibeba mabegani, afande. Nikamwambia anamsingizia. Akanijibu kwa upole, ‘Wote tunasema kweli. Wewe ulikaa upande mwingine tu.’ Upole ule ndio ulionichoma. Baba ni mmoja. Nikamsukuma. Akaishika meza, mtungi ukaanguka, naye akaangukia dirishani. Niliurudisha, nikageuzia ufa dirishani, nikakaa nichore ili nionekane nipo kazini. Lakini sikuona kitu kingine ila ule ufa.”

Konstebo alifungua pingu bila kumtazama fundi machoni. Mama huyo alitoka mbio kumwahi mwanawe, mikono bado ina damu.

“Picha yenyewe uliiona?” Inspekta aliuliza.

“Sikutaka kuiona.”

Ilikuwa imeegemezwa pembeni, uso ukutani. Inspekta aliigeuza. Mwanamume mrefu, ametazamwa toka chini, toka usawa wa macho ya mtoto. Mkono mmoja umeinuliwa, kiganja wazi. Inspekta alijikuta amerudi nyuma hatua moja, akikwepa kofi.

Mdogo mtu aliitazama muda mrefu. Uso wake ukalegea.

“Huyu ndiye baba,” alisema. “Hapa ananijia kunibeba.”

Kisha akamgeukia Inspekta, kama mtu aliyepotea anayeuliza njia.

“Sasa tulikuwa tunagombania nini?”