Chuma au Kaboni, Nioe au Niache

— Yannick, nimesema Baba Mudogo Marcellin anawangojea Jumamosi ya wiki ijayo. Weye na wazee wako. Umesikia?

— Nimesikia, mupenzi. Ngoja tu nijibu huyu muntu.

Chancelle aliweka kijiko chini. Sombe ilikuwa imeanza kupoa kwenye sahani, na mchumba wake hajaigusa. Alikuwa ameinamia simu, vidole vinakimbia utadhani anazima moto.

— Muntu gani?

— Solange! Anasema frene ya disiki iko muzuri kupita frene ya mupira. Eti mu mvua! Unasikia uongo huu?

— Yannick, mimi nauzaka dawa.

— Lakini waza kidogo! Disiki ikipinda hapa Bunia, nani ataitengeneza? Mupira wa frene unaupata hata pale sokoni, kando ya nyanya!

Posa ya Chancelle, siku ambayo mama yake alikuwa ameanza kuitafutia kitenge, ilikuwa imeshindwa na kipande cha mpira wa breki ya baiskeli.

Ilikuwa mwaka 2021. Djugu, kaskazini ya Bunia, ilikuwa inawaka vita. Kila wiki watu waliingia mjini na magodoro kichwani, na wengine hawakufika kabisa. Lakini binadamu hata katikati ya vita hutafuta kitu cha kubishania ambacho si vita, na wapanda baiskeli wa Bunia, wanaoiita baiskeli kinga, walikuwa wamekipata chao.

Walikuwa kikundi kidogo, na kimepasuka katikati. Upande mmoja watu wa chuma: baiskeli za mashindano za zamani zilizotoka Ulaya, vyuma vya kubadilisha gia viko kwenye mwili wa baiskeli, miguu inafungwa kwenye pedali kwa mikanda ya ngozi. Hao walijivuna kwamba chuma kikivunjika, mchomeleaji yeyote anakiunga. Tena walijivunia adabu: mpanda baiskeli wa kweli husalimia kila anayekutana naye njiani, hata aliyebeba mbuzi. Upande wa pili watu wa kaboni: baiskeli nyepesi zilizonunuliwa Kampala, viatu vinavyojifunga vyenyewe kwenye pedali, kimashine mbele kinachoonyesha mwendo. Hao walisema watu wa chuma wanasukuma kitanda cha hospitali mlimani.

Yannick, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, alikuwa msemaji wa chuma. Solange, muuza viatu, naye wa Butembo, alikuwa malkia wa kaboni.

Yannick aliinuka kwenda kunawa mikono. Simu ikabaki mezani. Ikatetemeka. Chancelle hakuwa na tabia ya kuchungulia, lakini maandishi ya Solange yalijileta yenyewe machoni.

"Jana umenichokesha kabisa 😂 Kesho ni siku yetu. Usimuambie Chancelle."

Yannick aliporudi alikuta sahani yake imesukumwa pembeni na simu imewekwa katikati ya meza kama kielelezo mbele ya hakimu.

— Soma.

Alisoma.

— Siyo vile unawaza.

— Wote wanasemaka vile. Alikuchokesha namna gani, ama weye njo ulimuchokesha?

— Kwa kubishana! Chancelle, chukua simu. Sikiliza sauti zote. Zote!

Alisikiliza. Alikaa pale na simu sikioni, amejiandaa kulia, akingoja neno moja la mahaba ili amalize mambo. Sauti ya kwanza, Yannick anaeleza kwa nini gia za zamani hazina kelele. Ya pili, Solange anacheka kwamba mtu wa chuma akitoa mkono kwenye usukani mtelemkoni ili abadilishe gia, atakufa. Ya tatu, soksi. Soksi! Ndefu ama fupi, nyeupe ama nyeusi, na Yannick anaapa kwa jina la babu yake kwamba mwanaume hapandi baiskeli na soksi nyeusi. Sauti iliendelea mpaka sikio likapata moto.

Akaweka simu chini. Machozi yalikuja kweli, lakini ya kuchoka.

— Ungekuwa unamutongoza, ningejua cha kufanya! Ningemutukana, ningekuacha, watu wangenihurumia. Sasa hii nitaiita namna gani? Nimenyanganywa bwana na soksi?

— Pole, mupenzi.

— Na kesho kuna nini?

Yannick alikuna kichwa.

— Mashindano. Chuma na kaboni, mulima mumoja, ubishi uishe. Tunaenda asubuhi, tunarudi.

— Mulima gani?

— Njia ya Djugu. Wanasema wiki hii iko shwari, motari na pikipiki zao wanapita.

Chancelle alisukuma kiti nyuma, akasimama.

— Usiende.

— Kidogo tu, siyo mbali...

— Usiende, Yannick.

— Unaogopa nini? Niambie.

Alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi, lakini halikutoka. Miaka miwili nyumbani kwao lilikuwa halitamkwi.

— Ukienda, Jumamosi usije.

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumapili, Chancelle alikuwa kanisani na mama yake Anastasie. Wimbo wa sadaka ulikuwa umeanza simu ilipotetemeka. Alitoka nje. Ujumbe ulikuwa wa kikundi cha wapanda baiskeli, ambako Yannick alimwingiza kwa nguvu siku nyingi zilizopita: "Risasi njiani. Rudini! Rudini wote!"

Alimpigia Yannick. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga huku anatembea, akapiga huku anakimbia, mpaka akafika nyumbani, mtaa wa Rwambuzi, akaketi mlangoni bila kuvua viatu vya kanisa.

Pikipiki ilisimama. Aliyeshuka alikuwa Solange, mkono umechubuka, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi tupu.

— Chancelle...

— Yannick iko wapi?

— Sijui. Tulisikia risasi mbele, watu wote wakageuza. Kiatu changu kikakatala kutoka kwa pedali, nikaanguka, kinga ikanilalia. Wote walipita. Yeye njo alirudi. Alifungua kiatu, akavuta mguu wangu, akaniambia nikimbie mu mahindi. Kule tukapotezana.

— Na kinga yake?

— Aliitupa njiani.

Chancelle alimtazama mwanamke huyu mwenye mahindi kwenye nywele. Alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

— Mulitaka kujua nini, Solange? Nani anapanda mbio? Haya, mumejua?

— Hata kwa mulima hatukufika, Solange alijibu kwa sauti ndogo. — Mimi njo nilimuambia asikuambie. Nisamehe, dada.

— Ingia ndani uoshe mukono. Nitakusamehe nyuma, siyo sasa.

Mchana wote ulipita hivyo. Mama Anastasie alirudi, akaelezwa, akaingia jikoni. Baba Mudogo Marcellin alikwenda mpaka mwisho wa mji kuulizia. Jua lilikuwa limeinama wakati kundi la wakimbizi lilipotokea barabarani: akina mama, mbuzi, masufuria. Katikati yao mwanaume amevaa fulana ya sufu ya mashindano, matope mpaka magotini, godoro la mtu begani, anamshika mkono bibi kizee.

Yannick aliwakabidhi ndugu wa bibi huyo mzigo wao. Kisha akasimama mbele ya Chancelle.

— Nimerudi.

— Naona.

— Nimepoteza kinga.

Angesema kitu kingine chochote ila hicho. Chancelle alisikia kichwa kinapasuka.

— Kinga? Bado kinga? Sikiliza vizuri, Yannick. Kaka yangu alipita njia ile. Félicien. Mwaka 2019, siku tulikimbia kwetu Bule, alibaki nyuma kufunga mifuko ya maharagi juu ya kinga yake. Akasema tutangulie, atatukuta. Mpaka leo hatujamuona. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna habari. Na leo nilikaa hapa mulangoni nikamungojea muntu wa pili!

Yannick alirudi nyuma hatua moja.

— Hukuniambia hata siku moja.

— Ulinipa nafasi gani? Nikisema kaka, weye unasema kadre ya kinga! Miaka miwili tunapendana, unajua chuma cha kila kinga ya Bunia kilitoka wapi. Mimi nilitoka wapi, uliuliza?

Chancelle akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Siku iliyofuata, kwenye kikundi ilionekana sentensi moja: "Yannick ametoka." Watu wa chuma walilalamika, watu wa kaboni nao hawakufurahi, kwa sababu sasa watabishana na nani?

Usiku Chancelle alipata ujumbe. Alijua utakuwa wa kuomba msamaha, na alikuwa tayari kuufuta.

"Félicien iko muntu wa namna gani?"

Iko. Hakuandika alikuwa. Chancelle alisoma neno hilo, akalisoma tena. Hakujibu. Kesho yake ukaja mwingine: "Siyo lazima ujibu leo."

Siku ya tatu alibonyeza alama ya sauti akaanza kusema. Alisema akipanga dawa kwenye rafu, akasema akitembea kurudi nyumbani. Yannick alisikiliza zote. Alijibu kwa maswali tu: anapenda chakula gani? Nani alimufundisha kupanda kinga? Anagombanaka na nani? Hakuuliza kinga ile ilikuwa ya aina gani, ingawa Chancelle, aliyemjua vizuri, alihisi swali hilo linamkaba koo.

Ijumaa alimwandikia: "Kesho mukuje. Musichelewe."

Walikuja Yannick, baba yake Papa Laurent, na shangazi mmoja. Baba Mudogo Marcellin alikuwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Baada ya maombi na soda, akafungua mazungumzo:

— Basi, wageni wetu, semeni kilichowaleta.

Papa Laurent alikohoa kuanza hotuba yake, lakini Yannick akainua mkono.

— Papa, samahani. Baba Mudogo, mbele ya kusema juu ya mahari, niko na ombi. Nimekuja kujitambulisha kwa jamaa yote ya nyumba hii. Kuna mumoja sijajulishwa kwake. Félicien.

Marcellin akatazama sakafu. Chancelle akashika mkono wa kiti, akijisemea moyoni: huyu mwanaume hajui wakati, hajawahi kujua, Mungu wangu.

Mama Anastasie alisimama.

— Nani alikuambia mutoto wangu amekufa?

— Hakuna muntu, mama. Sijui kama amekufa. Sikukuja na matanga. Naomba tu kumujua.

— Kwa nini?

— Kwa sababu iko shemeji yangu.

Mama akaketi taratibu, akajifunga vizuri kitenge.

— Ni mutoto mubishi, alisema. — Hapo njo uanze kuandika. Mubishi! Ukimuambia mvua inakuja, anasema hapana, hata kama amekwisha kulowa. Na ulafi! Siku ya Pasaka alikula fungu la Marcellin, akamusingizia paka.

— Ni yeye! Marcellin aliruka kwenye kiti. — Nilimupiga yule paka bure!

Mama alicheka. Chancelle alikuwa hajasikia sauti hiyo tangu Bule. Alitoka mbio mpaka uani, akalia kwa uso wote, na ndani hadithi zikaendelea: Félicien na mbuzi wa katekista, Félicien na suruali iliyopasuka siku ya ubatizo. Papa Laurent naye akasahau hotuba yake. Mahari yalikuja kuzungumzwa giza limeingia, yakaisha upesi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvutana.

Uani, Yannick alimkuta Chancelle anapangusa macho.

— Nimeharibu?

— Umenichokesha, Yannick. Tangu siku ya kwanza unanichokesha.

— Ni kusema unakubali ama unakatala?

— Nimekubali. Lakini njia ile, mpaka vita viishe, hutaiona hata kwa ndoto.

— Hata kwa ndoto.

Walifunga ndoa kanisani mwezi wa Desemba. Wapanda baiskeli walikuja kuwasindikiza, Solange mbele, juu ya baiskeli ya kuazima, na kabla msafara haujaanza walikuwa wamekwisha kugombana nani atangulie.

— Chuma kushoto! Kaboni kuume! Chancelle alipiga kelele kutoka ndani ya shela. — Na mwenye atafungua mudomo, harusi hatakula!

Wakatii.

Pale mlangoni pa kanisa, Mama Anastasie alimvuta mkwe wake pembeni. Alimrekebisha kola ya shati, akamtazama.

— Félicien akirudi, atakuta dada yake ameolewa bila kumuuliza. Atakasirika sana, nakuambia.

— Arudi tu, mama, Yannick alijibu. — Arudi anikasirikie.