Habari ya Namba 214

Kila asubuhi nilipoinama kufunga kamba za viatu kwenye ngazi ya nyumba yetu, Kengele alikuwa anapita mbele ya geti akikimbia. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo. Mama akisikia hatua zake alisema kutoka jikoni, "Spika, Kengele kashapita, na wewe bado unahangaika na kiatu."

Spika ni mimi. Jina hilo nilipewa na darasa zima, na sitaki kudanganya, nilistahili. Nikianza kuzungumza, hata mwalimu alisubiri nimalize.

Baba yake Kengele alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilitazamana na shule yetu, na sijui mwanafunzi ambaye kiatu chake hakikupita mikononi mwake. Tulimwita Babu Fundi. Ukimpelekea kiatu kilichotoboka, alichungulia kwenye tundu kwa jicho moja na kukuuliza, "Mimi nakuona. Wewe huko upande wa pili unaniona?" Hata viatu vya mbio vya binti yake alivishona yeye kila soli zilipoachia. Kisha kifua kikamlaza, kibanda kikafungwa miezi miwili. Kengele akawa anamwosha, anampikia, anampa dawa, halafu ndipo anakwenda kukimbia.

Ni wakati huohuo mji wetu ulipokuwa unajiandaa kupokea mashindano ya dunia ya mbio za milimani. Wakimbiaji wa nchi zaidi ya arobaini wangepanda mlima ulio nyuma ya mji na kushuka, kilomita arobaini na tano za mawe, matope na mizizi. Kengele alichaguliwa kuwakilisha nchi yetu. Mimi nilichaguliwa na klabu ya habari ya shule kuandika gazeti la ukutani, na redio ya mji ikaahidi kunipa dakika moja hewani kila baada ya muda. Nilivimba kichwa. Siku niliyopata habari hiyo hata vyombo sikuosha, nilisema mwandishi wa habari za kimataifa haoshi vyombo. Mama alinitazama tu, nikaviosha.

Siku moja kabla ya mbio, mimi na mama tulikwenda kumjulia hali Babu Fundi. Alikuwa ameegemea mito miwili, na pembeni yake kulikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, maana mfuniko wa betri ulishapotea. Kengele alikuwa anakunja koti lake la mvua, analikunjua, analikunja tena.

"Baba, nikighairi hakuna atakayenilaumu," alisema.

"Nitakulaumu mimi," Babu Fundi akajibu. "Daktari kasema naendelea vizuri. Mama Spika atakaa nami kutwa nzima. Nenda mwanangu."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mimi mlimani sifiki. Kila wakikupa hiyo dakika yako, niambie mwanangu yuko wapi. Nitakuwa nakusikiliza wewe."

"Nitakuambia, Babu."

"Haya. Usinipambie maneno. Niambie tu yuko wapi."

Chumba cha habari kilikuwa ukumbi wa mikutano wa mji. Meza zilipangwa safu sita, nyaya za umeme zikabandikwa sakafuni kwa tepu ili watu wasijikwae, na ukutani palikuwa na skrini kubwa yenye namba za wakimbiaji. Mkimbiaji akipita kituo, saa aliyopita inaandikwa mbele ya namba yake. Akitoka kwenye mbio, namba inakuwa nyekundu. Skrini haikusema katoka kwa nini. Sababu ililetwa baadaye, kwenye karatasi iliyotiwa saini na daktari au mkuu wa mbio.

Aliyesimamia chumba hicho alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Waandishi wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Nani. Ukimpelekea habari yoyote aliuliza, "Nani kasema?" Ukimtajia, aliuliza tena, "Na nani mwingine?" Kama huna wa pili, habari yako ilirudi mfukoni.

"Sikiliza, mwanangu," aliniambia asubuhi ile akinivisha kitambulisho shingoni. "Unachokijua, kiseme. Usichokijua, sema bado hujui. Hapa hakuna anayeona aibu kusema hajui."

Niliitikia. Kuitikia ni rahisi.

Dakika yangu ya kwanza nilisema, "Namba 214 amepita kituo cha kwanza, ni wa kumi na moja." Ya pili nilisema, "Namba 214 amepita kituo cha pili, ni wa sita." Wa sita duniani! Waandishi wa meza ya jirani walinipigia makofi, na mtangazaji wa redio, kijana mcheshi mwenye sauti nzito, akanipigapiga begani na kusema nimezaliwa na kipaza sauti mkononi. Nikaona nimefika.

Mvua ikaanza kunyesha mlimani. Saa saba kasoro dakika tano, namba 214 ikawa nyekundu.

Niliikodolea macho skrini nikidhani ni hitilafu. Mama Nani alikuwa nje, kwenye uzio ambako wakimbiaji wangehojiwa wakimaliza. Nyuma yangu mpiga picha aliyetoka kulowana alikuwa anamwambia mwenzake, "Ule mteremko umewachosha wote, watu wanaacha hovyo." Hakutaja namba wala jina la mtu. Kabla sijafikiri, mtangazaji alishanisogezea kipaza sauti.

"Tuko hewani na Spika wetu. Spika, mji wote unauliza, Kengele yuko wapi?"

Ningeweza kusema, "Ametoka kwenye mbio baada ya kituo cha pili, sababu bado siijui." Maneno hayo yalikuwapo mdomoni. Lakini niliyaona makavu, nikaona nitaonekana mtoto.

"Kengele amechoka," nilisema. "Miguu imegoma, nguvu zimemwishia, ameacha mbio. Mlima umemshinda."

Mtangazaji alitikisa kichwa kwa masikitiko na kuyarudia maneno yangu yote kwa sauti ile nzito. Niseme ukweli: pamoja na huzuni, nilisikia utamu kuyasikia.

Nusu saa baadaye Mama Nani aliingia na karatasi mbili zilizolowa pembeni, moja ya daktari, nyingine ya mkuu wa kituo. Alizibandika ubaoni. Nilisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta kiti.

Mkimbiaji mmoja wa kigeni aliteleza akavunjika mguu mahali ambapo gari halifiki. Namba 214 alisimama. Alimvisha koti lake la mvua, akamfunika kwa blanketi lake la dharura, akakaa naye kwenye mvua dakika hamsini mpaka waokoaji walipofika. Kisha alitaka kuendelea, lakini sheria hairuhusu mtu kukimbia mlimani bila vifaa hivyo, na vyote vilikwenda na majeruhi. Daktari akamzuia kwa sababu ya baridi. Miguu yake ilikuwa mizima.

"Nimesikia redioni kuwa kachoka," Mama Nani alisema. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Sikuwa na mwingine. Hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza. Alinishika mkono tukamfuata mtangazaji. Mtangazaji alisema tusubiri, washindi wanakaribia kuingia na hawezi kuwakatiza. Mama Nani alibishana naye, akampigia simu mkuu wake, akarudi kubishana. Tulipata nafasi saa nane na robo. Mama Nani aliniambia aliyekosea ndiye atakayesahihisha, kwa sauti ileile watu waliyoisikia.

Nilisoma: "Saa saba nilisema namba 214 amechoka na mlima umemshinda. Si kweli. Nilibuni. Namba 214 alisimama kumsaidia mwenzake aliyevunjika mguu, akampa koti na blanketi lake, ndiyo maana hakuruhusiwa kuendelea." Nilifika mwisho. Nikashusha pumzi nikidhani yameisha.

Nilipofika nyumbani jioni, mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ile ninayofungia viatu. Macho yalikuwa mekundu. Alinivuta nikakaa karibu yake.

"Babu Fundi katutoka," alisema. "Saa nane."

Niliuliza jambo moja tu. "Alisikia, mama? Alinisikia nikisahihisha?"

Mama hakujua nasahihisha nini. Nilipomweleza alijifunika uso kwa viganja.

"Ulipotangaza kuwa mwanawe kachoka, aliniambia nizime redio," alisema. "Akasema, 'Ni mimi niliyemchosha. Mtoto halali, ananiuguza. Mimi ndiye niliyemmaliza nguvu.' Hakusema tena neno. Nami sikuiwasha tena ile redio."

Nililia usiku huo mpaka mama akaja kulala kitandani kwangu.

Msibani nilijificha nyuma ya watu. Wengine walikuwa wanamsifu Kengele kwa alichofanya mlimani, naye alikuwa anaitikia bila kusikia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaja.

"Spika, mama yako hataki kuniambia, anazungusha maneno. Habari ya mwisho baba aliyosikia juu yangu ni ipi?"

Uongo ulikuwa tayari. Ningesema, "Alisikia wewe ni wa sita," na kwa kweli aliisikia hiyo pia. Mama alikuwa anatutazama kwa mbali. Nilimwambia Kengele yote, na la redio kuzimwa, na yale maneno ya baba yake. Nikamwambia hakukuwa na mtu aliyenidanganya, nilibuni mwenyewe.

Aligeuka akaingia ndani, na siku ile hakunitazama tena. Sikuwa na haki ya kumlaumu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Kengele alibisha hodi kwetu. Mama Nani alikuwa pamoja naye, amekuja kutoa pole, na mkononi ameshika karatasi niliyosoma redioni, akanipa.

"Njoo nayo," Kengele aliniambia. "Twende ukamsomee."

Tulitembea wanne, mama akiwemo, mpaka makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Kengele alichuchumaa upande wa kichwani, akasema, "Baba, ni Spika. Ana habari." Nikasoma neno kwa neno, kwa sauti ileile, hata lile neno "nilibuni". Nilipomaliza niliongeza moja ambalo halikuandikwa: "Hukumchosha, Babu." Kengele akainamisha kichwa na kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, mama akamkumbatia. Aliponyanyuka aliniwekea mkono begani. Hakusema kanisamehe, lakini mkono aliuacha hapo mpaka tulipotoka getini.

Njiani Mama Nani alibaki nyuma pamoja nami.

"Mji wote ulipata habari sahihi," alisema. "Watu maelfu. Ulikosea, ukakiri, na msibani ulipoulizwa hukukwepa. Hayo ni ya kukusifu, na nakusifu. Lakini kusahihisha kunawafikia wale tu ambao bado wanasikiliza. Ndiyo maana tunauliza kabla ya kusema, mwanangu, hatuulizi baadaye."

"Ningesema nini, Mama? Nilikuwa sijui chochote."

"Ungesema hivyohivyo, kwamba bado hujui," alinijibu. "Angeiacha redio ikiwaka, akakusubiri."