Sumaku ya Colin

Dainamo inayozalisha umeme wa pikipiki ilikuwa mezani, imefunguliwa, kaboni zake mbili zimewekwa kando juu ya kitambaa. Betri ilikuwa sakafuni. Hata hivyo taa ya mbele ya pikipiki iliwaka kwa mwanga hafifu wa manjano, ikakaa hivyo muda wa mtu kumeza mate, kisha ikazimika.

"Umeona, baba?" Karlene aliuliza.

"Jua hilo, limepenya kwenye tundu la bati," baba yake alisema, akaendelea kusugua shaba kwa msasa.

Lindsay Trevorrow hakuwa mwongo, ila siku ile alidanganya na alijua anadanganya. Pikipiki ilikuwa ya kaka yake Colin, aliyekufa nayo kwenye kona ya ziwa la chumvi baada ya taa kumzimikia gizani. Tangu hapo ilikaa bandani chini ya turubai. Sasa Karlene ndiye angeiendesha kesho kwenye msafara wa klabu ya pikipiki za zamani, na Lindsay alikuwa ameapa kwamba taa haitamzimikia mwanawe.

Sasa sikiliza ukaidi wake. Kila anayetengeneza dainamo hizi hapa mjini Moonta anajua kwamba kabla ya kuendesha lazima uishtue: unagusisha waya wa betri kwenye dainamo mara moja, cheche inaruka, sumaku ya zamani inafutika na chuma kinajifunza upya. Mama Thelma Pascoe, aliyezeekea kwenye umeme wa magari, alimpigia simu asubuhi kumkumbusha.

"Ishtue hiyo dainamo, Lindsay. Chuma kina kumbukumbu kushinda mjane."

"Wa mwisho kuishtua alikuwa Colin, mama. Siwezi kumfuta."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Nakuja mchana, nisikute umeifunga."

Alikuta Lindsay ameshaifunga kwenye pikipiki bila kuishtua, na Karlene ameikalia akijaribu usukani.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ya chumvi mbichi na nywele zilizoungua. Injini haikuwa imewashwa, lakini ndani ya dainamo kitu kilianza kuzunguka, kikavuma taratibu, na juu ya mvumo huo ukaja mluzi mwembamba wa mtu anayepuliza katikati ya meno. Lindsay aliutambua. Colin alipiga mluzi hivyo akifanya kazi, kabla ya kumwita mdogo wake Kisoda, jina ambalo Lindsay hakuwahi kumtajia mtu, hata mkewe.

Taa ikawaka. Safari hii iliwaka kwa nguvu, ikamulika ukuta wa bati, na katikati ya duara la mwanga kilisimama kivuli cha mwanamume aliyevaa helmeti, ilhali kati ya taa na ukuta hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi linaloelea, na kivuli kile kilikuwa kimewapa mgongo, kisha kikaanza kugeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa na hana haraka, mpaka wote watatu wakajua kinamtazama nani.

"Baba," Karlene alinong'ona, "mikono yangu haibanduki."

Injini ikanguruma yenyewe. Stendi ilianza kukwaruza sakafu, pikipiki ikijivuta kuelekea mlangoni, upande wa barabara ya ziwa.

"Muulize anataka nini, mama," Lindsay alisema.

"Nimuulize nini? Anataka kumaliza safari, na dereva ameshampata. Chukua betri. Ishtue sasa hivi."

"Nitampoteza."

"Chagua wa kumpoteza."

Lindsay alipiga magoti. Waya mmoja aliubana kwenye fremu, mwingine akausogeza kwenye dainamo. Mluzi ulimjia sikioni, karibu kabisa, wa upole. Alilia, akagusisha. Cheche ya buluu iliruka. Taa ikazimika, injini ikafa, na bati la ukutani likabaki bati. Mikono ya Karlene ilianguka mapajani.

Lindsay alimkumbatia mwanawe. "Kwaheri, Col," alisema. "Nisamehe."

Mama Thelma alikuwa ameinama, akifuata nyaya kwa kidole.

"Lindsay. Umebana waya wa hasi kwenye fremu."

Pikipiki hizi za zamani ni kinyume, chanya ndiyo hukaa kwenye fremu, na Lindsay alilijua hilo tangu utoto. Lakini mikono iliyojaa hofu hufuata mazoea, na yeye kila siku alishika pikapu yake, ambayo hasi ndiyo hukaa kwenye bodi.

"Si ameondoka lakini?" aliuliza.

"Ametoka kwenye dainamo. Umemsukuma nyuma, kapita kwenye fremu." Sauti ya mama yule ilishuka. "Nani alikuwa ameshika chuma?"

Karlene alikuwa akifuta viganja kwenye suruali. Alipuliza katikati ya meno, mluzi mwembamba, akanyoosha mkono na kumfuta baba yake machozi.

"Mbona unalia, Kisoda?" alisema. "Kesho ile kona naimaliza."