Taa ya Nyuma ya Sadallah

Mwanakombo alimgombeza Sadallah kabla hajamjua jina. Ilikuwa sokoni Temeke, enzi za Mwingereza. Landrova ya Mzungu mpima ardhi ilisimama mbele ya genge lake la nazi, na taa nyeupe ya nyuma, ile ya kuonyesha kwamba gari linarudi kinyumenyume, ikawaka. Mwanakombo akaruka kuokoa nazi zake, kanga ya kisutu ikimvuka mabegani. Gari likaenda mbele.

"We dereva! Unawasha taa ya kurudi, halafu unakwenda zako?"

Sadallah akashuka, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi ikakauka. "Niwie radhi, bibie. Swichi mbovu, inajiwakia yenyewe."

"Basi taa yako mwongo."

"Taa tu. Mwenyewe mkweli."

Mapenzi hayana hodi. Tangu hapo Sadallah akawa hapitwi na jioni bila kununua nazi, naye kapera asiyejua hata kukuna. Alizifanyia nini, mie sijui. Akichelewa, Mwanakombo hasikii la mtu. Gari likiondoka na taa inawaka, humwambia shoga yake Chausiku, "Usidhani anarudi. Ndiyo zake hizo."

Ikaja amri: mpima ahamie Lindi, na dereva wake. Mchana wa siku ya safari Sadallah alifungua sakafu ya gari akaifikia swichi pembeni ya giaboksi. Kumbe kile kidude kinachobonyezwa na gia kilikuwa kimenasa ndani kwa tope na grisi. Akakiosha kwa petroli, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa kinaruka chenyewe. Akatia gia ya nyuma, akazunguka kutazama: taa inawaka. Akaitoa: imezimika. Alitaka amwonyeshe Mwanakombo, wacheke, kisha amwombe ruhusa ya kuleta posa.

Jioni alipofika gengeni, hakupewa nafasi.

"Safari yako nije niisikie kwa wauza mchicha?"

"Ndiyo nimekuja kukuaga, mpenzi."

"Nenda! Wanawake wa Lindi nao wana nazi."

Moyo wa Mwanakombo ulikuwa ukimwomba Sadallah abaki, ila mdomo ulishatangulia. Sadallah naye, kiburi kimemkaba, akapanda gari. Kabla ya kona akasimama. Akatia gia ya nyuma, macho kwenye kioo, akangoja Mwanakombo ainue mkono tu. Mwanakombo aliiona taa. Akasema moyoni, yale yale, akageuka kufunga genge. Sadallah akajiona amekataliwa, akaenda Lindi.

Mwaka mzima Mwanakombo alishtuka kila asikiapo injini. Huko Lindi Sadallah aliota sauti ya Mwanakombo mpaka akachukia kukicha. Hakuna aliyemtafuta mwenzake. Nassibu, fundi cherehani, alipoleta posa, Mwanakombo hakuwa na sababu ya kukataa.

Sadallah aliporudi sokoni na gari, taa ya nyuma imezimika, alimkuta na hina miguuni.

"Taa yako imepona," Mwanakombo alisema.

"Zamani. Niliitengeneza mchana ule, kabla sijaja kukuaga."

Nazi ikamponyoka. "Kwa hiyo jioni ile…"

"Nilitaka kurudi. Nilikungoja uniite."

"Mie nikajua ni uongo wa taa yako wa siku zote! Sadallah, nilikupenda mpaka chakula kikanishinda."

"Mie nakupenda hata sasa."

Maneno hayo, laiti yangesemwa mapema. Mwanakombo alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Gari lako lina honi?"

"Linayo."

"Jioni ile ilikuwa mbovu?"

Sadallah akainamisha kichwa. "Ilikuwa nzima."

"Basi nenda, baba. Mume wangu yuko njiani."