Kengele Iliyobadilishwa Ukutani

Maiti ililala kifudifudi nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye kitasa. Shuka lilikuwa limejiviringisha kwenye mguu wa kushoto, likaburutwa kutoka kitandani hadi pale. Hatua sita.

Inspekta alisimama koridoni, mikono nyuma, akalitazama lile shuka kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama marehemu.

"Nani aliingia wa kwanza?" aliuliza.

"Mimi." Aliyejibu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe la duka la dawa, macho yamevimba. "Ni baba yangu. Humpigia simu kila asubuhi kabla sijafungua duka. Leo hakupokea. Nilipofika nikausukuma mlango, ukagoma. Kumbe ni yeye mwenyewe ndiye aliyeuzuia."

"Pole sana, dada. Madirisha umeyafungua wewe?"

"Yote. Nilipoingia tu, kichwa kilianza kunigonga."

"Umefanya la maana. Pengine tungekuwa na maiti mbili."

Marehemu alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Aliishi peke yake, akitunza nyumba yake kama chumba cha mtihani: kila kitu mahali pake.

Daktari wa polisi alipiga magoti, akafunua mdomo wa chini wa marehemu kwa kidole chenye glavu, kisha akazitazama kucha.

"Unauona wekundu huu? Damu imejaa kaboni monoksaidi, sumu iliyomo kwenye moshi wa moto. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Maabara watathibitisha, lakini mimi sina shaka."

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, dakika chache mbele au nyuma. Mwili bado una joto."

Sajenti alichungulia kutoka koridoni. Alikuwa kijana mrefu, mwepesi wa miguu na wa maneno. "Afande, kengele ya moshi na gesi ipo. Hii hapa ukutani."

Inspekta akaifuata. Kilikuwa kidude cha duara, cheupe kilichogeuka manjano. Akabonyeza kitufe cha kujaribia. Mlio mkali ukapasua nyumba, yule binti akaziba masikio.

"Nzima kabisa," alisema Sajenti. "Sasa mbona haikumwamsha?"

Inspekta akaizungusha kengele, ikatoka kwenye bamba lake. Akaipindua.

"Soma tarehe ya kutengenezwa."

Sajenti akasoma. Akasoma tena. "Miaka kumi na miwili iliyopita!"

"Kitufe kile hujaribu betri na sauti tu. Sehemu inayonusa gesi huzeeka ndani kwa ndani, na ikishapita miaka saba, au kumi kwa baadhi, inakufa kimya kimya. Hii inaweza kupiga kelele hadi kesho, lakini gesi haiioni." Akaonyesha ukuta. Kuizunguka kengele kulikuwa na mviringo safi, mpana kuliko kengele yenyewe, rangi yake haijapata vumbi. "Na hapa palikaa kitu kikubwa zaidi."

Binti alisogea, akaitazama, akatikisa kichwa. "Hii si ya baba. Mimi nilimfungia mpya mwaka juzi. Ilikuwa na kioo kidogo cha namba. Kila mwezi tulikuwa tukiijaribu na kuifuta vumbi pamoja. Alikuwa akiniambia, 'Mwanangu, leo ni zamu yako kubonyeza.'" Akafunika uso.

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?"

"Mafundi wa hita tu. Ndugu wawili wenye karakana kule barabarani, Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo. Baba anawaamini tangu zamani. Jana ilikuwa siku ya kuifanyia hita matengenezo."

Hita ya gesi, inayopasha moto maji na nyumba, ilifungwa kabatini, mkabala na chumba cha kulala. Inspekta akamulika tochi. Kibano kilichoshika bomba la moshi kilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. Lakini juu ya kiungo hicho ubao ulikuwa na alama ya unyevu na joto, kama mahali palipopigwa na mvuke kwa muda mrefu.

"Moshi ulitokea hapa," alisema taratibu. "Halafu mtu akaja, akakaza."

Nyumba ya pili alikaa mama mshona mapazia. Alikuwa mlangoni tayari, futi ya kupimia shingoni, na hakusubiri kuulizwa.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, afande, kitu kililia huko kwa Mwalimu! Nikasema, leo Mwalimu kanunua saa ya kuamshia wafu." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Mungu anisamehe."

"Kililiaje?"

"Pi-pi-pi-pi! Kimya. Pi-pi-pi-pi! Kimya."

"Una hakika ilikuwa milio minne? Si mitatu?"

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu mishono kutwa nzima. Nne siwezi kukosea."

"Kikanyamaza saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo. Muda mfupi baada ya gari la mafundi kusimama. Lile la bluu lenye ngazi juu."

Inspekta alimshika Sajenti kiwiko, wakarudi kwenye gari karibu wakikimbia. "Milio mitatu ni moshi. Minne ni gesi. Mmoja mmoja, kila baada ya dakika hivi, ni betri inayoomba kubadilishwa. Umeelewa maana yake?"

"Kengele mfu haiwezi kulia minne," alisema Sajenti, macho yakimtoka. "Ile nzima ndiyo iliyolia. Mtu akaingia inalia, akaiondoa..."

"Saa moja kasorobo. Na Mwalimu amekufa saa mbili."

Sajenti aliwasha gari.

Fundi Mdogo walimkuta peke yake karakanani, akinawa mikono kwenye ndoo. Mtu wa miaka arobaini, mpole, mikono yake tayari misafi. Aliendelea kuisugua.

"Kaka yako yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Nimemwambia apumzike nyumbani."

"Leo asubuhi ulikwenda kwa Mwalimu?"

"Kwa Mwalimu? Hapana. Jana ndiyo."

"Gari lako limeonekana."

Akakausha mikono. "Ah, ndiyo. Nilipita mara moja. Kengele yake ilikuwa ikilia, betri imekwisha. Nikaichukua nikabadilishe, nikamwachia nyingine kwa muda."

"Uliingia kwa ufunguo? Mwalimu alikuwa wapi?"

"Amelala. Sikutaka kumsumbua."

"Kengele yake iko wapi sasa?"

Sajenti alikwisha kuipata. Ilikuwa chini ya kiti cha gari la bluu, imezongwa taulo kama mtoto mchanga. Inspekta akaifungua taulo juu ya meza ya kazi. Kioo kidogo kilikuwa hai, kikionyesha sufuri.

"Nionyeshe unavyobadilisha betri yake," alisema.

Fundi Mdogo aliigeuza kengele mara moja, mara ya pili.

"Haina mlango wa betri," alisema Inspekta. "Betri yake imezibwa humo kiwandani, inakaa miaka kumi. Fundi kama wewe unalijua hilo. Na betri inayokwisha hailii minne minne."

Fundi akaiweka kengele mezani.

"Kuna jambo jingine. Kengele hizi zina kumbukumbu." Akabonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia. Sufuri ikatoweka. Ikaja namba nyingine: 430. "Hiki ndicho kiwango cha juu kabisa cha gesi ilichowahi kunusa. Kwa kiwango hicho kichwa kinapasuka, miguu inalegea, na ukikaa unakufa. Uliitoa katikati ya gesi ile, ukamwacha Mwalimu humo humo."

"Alikuwa amekwisha kufa!" Maneno yalimtoka kwa kishindo. "Nimemkuta amekufa, naapa! Nimemwita, nimemtikisa, hakujibu. Ningefanya nini tena? Nikazima hita, nikakaza bomba, nikaondoka."

"Ulimwacha wapi?"

"Kitandani. Amelala chali."

Inspekta akamtazama usoni. "Sisi tumemkuta mlangoni. Na shuka mguuni."

Fundi Mdogo akaketi sakafuni kati ya mabomba, mdomo wazi.

"Aliamka," alinong'ona.

"Aliamka. Dirisha moja tu, Fundi. Ungefungua dirisha moja, ukapiga simu moja."

Inspekta hakuwa amemaliza. Kulikuwa na swali lililokuwa likimchoma tangu alipokiona kile kibano kilichokazwa.

"Jana mlifanya nyumba ngapi?"

Fundi Mdogo aliinua kichwa kwa ghafla, kama aliyemwagiwa maji. "Mbili. Ya Mwalimu na ya Mama Pacha, nyumba ya kijani baada ya shule. Yake sijaikagua!"

"Sijaikagua? Kwani si wewe uliyeifanya?"

Inspekta alitia neno hilo akilini, akamfunga pingu kwenye meza ya kazi na kukimbilia gari. Simu ya Mama Pacha iliita mpaka ikakata. Sajenti alikuwa akiwaita zimamoto huku akikata kona kwa mkono mmoja, king'ora kikipiga, watu wakiruka kando.

Mlango wa nyumba ya kijani ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa, ubaridi wa siku hiyo umefanya kila mtu ajifungie. Ndani maji yalikuwa yakitiririka.

"Vunja!"

Bega la Sajenti likagonga mara moja, mara mbili, mlango ukaachia. Inspekta alivuta pumzi ndefu nje, akaibana, akaingia. Bafuni mama kijana aliketi sakafuni ameegemea beseni, macho mazito, akijaribu kumfunga nepi mtoto mmoja na vidole vinamkataa. Mwingine alikuwa amelazwa kwenye taulo, amenyamaza.

Inspekta akamnyakua aliyenyamaza, akambana kifuani. Sajenti akamchukua wa pili kwa mkono mmoja, na mama yao kwa mwingine. Wakatoka wakipepesuka hadi uani, hewa baridi ikawapiga usoni.

"Lia," Inspekta alimwambia mtoto, akimsugua mgongo. "Lia, baba, lia basi."

Mtoto alikunja uso, akavuta pumzi, akalia kilio ambacho Inspekta hakuwahi kukipenda namna ile maishani mwake. Pacha wake akamjibu. Zimamoto walipofika na mitungi ya hewa walimkuta Sajenti anacheka na machozi yanamtiririka, hajui lipi atangulize.

Mkuu wa zimamoto alizima hita na kutoka na kengele ya nyumba hiyo mkononi. Mfuniko wake ulikuwa wazi, ndani hamna kitu.

"Betri niliiazima," alisema Mama Pacha kwa sauti hafifu, barakoa ya hewa usoni. "Kwa ajili ya rimoti. Nilisema nitanunua nyingine kesho." Akawashika wanawe wote wawili. "Hita ina nini?"

"Bomba la moshi halikukazwa kabisa, mama," alijibu mkuu wa zimamoto. "Kibano kimewekwa pembeni ya bomba, si juu yake."

Inspekta aliposikia hivyo, kila kitu kikakaa mahali pake.

Saa tisa alasiri, katika chumba cha mahojiano, alimwekea Fundi Mdogo glasi ya maji.

"Watoto?" aliuliza yule.

"Wazima. Mama yao pia."

Akafumba macho, mabega yakashuka.

"Fundi mwenye macho hawezi kufunga kibano hewani," alisema Inspekta. "Hukufanya wewe kazi zile. Wewe ulikuwa unazikagua."

Fundi Mdogo akasogeza glasi kando.

"Kwa nini uliificha kengele?"

"Kwa sababu ingesema," alijibu hatimaye. "Ingeonekana ililia kwa ajili ya gesi, mngetafuta gesi imetoka wapi, mngefika kwenye bomba, na bombani mngemkuta kaka. Wazazi walifariki nikiwa na miaka minane. Yeye ndiye baba, ndiye mama. Kunifundisha ufundi huu alinishika mkono, kidole kwa kidole. Mwaka jana nikagundua macho yake yanakwenda. Anapapasa. Ningemwambiaje? Ufundi ndiyo heshima yake yote. Basi kila kazi anayoifanya, mimi huamka alfajiri, nakwenda nyuma yake kimya kimya, nakaza alipolegeza. Mwaka mzima. Leo nikachelewa nusu saa."

"Ile ya zamani uliitoa wapi?"

"Tulimng'olea mteja mwingine ilipopitwa na wakati. Ilikuwa garini, inangoja kutupwa."

"Na baada ya Mwalimu, mbona hukwenda kwa Mama Pacha?"

"Niliogopa. Nilirudi kunawa mikono. Sikuweza kuacha kunawa."

Mlango ukafunguliwa. Sajenti aliingia akimwongoza mzee mwenye nywele nyeupe, kifuani kalamu tatu za fundi. Alisimama akigeuza kichwa upande hadi upande, akitafuta sauti.

"Wameniambia yote," alisema Fundi Mkubwa. "Mdogo wangu, ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mzee alipapasa ukingo wa meza, akakaa. "Nami kutwa kucha nilihangaika usijue. Nilikuwa nahesabu hatua za karakana. Nilipaka rangi nyundo zangu ili niziokote haraka. Lau mmoja wetu angefungua mdomo, Mwalimu angekuwa anapanga vitabu vyake sasa hivi."

Inspekta alisoma maelezo ya ungamo kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na mashtaka: la mdogo, kumtelekeza mtu aliye katika hatari ya kufa na kuficha ushahidi; la mkubwa, uzembe uliosababisha kifo. Hakuna aliyepinga. Akasogeza karatasi mbele yao.

Mzee akatoa kalamu mfukoni. Ncha yake ikaelea juu ya karatasi, ikienda kulia, ikirudi kushoto, isijue ishuke wapi.

Fundi Mdogo aliinua mikono yake yenye pingu, akashika kidole kizee kilichobana kalamu, akakipeleka taratibu hadi kwenye mstari wa sahihi.